Kwa nini redio hunyamaza mvua inapokaribia? Ifahamu kazi ya kutunza mitambo ya redio jamii

Msikilizaji wetu wa Bukima, Mugango, Butiama na Bunda, swali hili tunaulizwa kila msimu wa mvua. Wingu limetanda ziwani, mvuvi anataka kujua kama aingize mtumbwi majini au abaki nyumbani, na wakati huohuo redio inaanza kukwaruza au inakatika kabisa.

Katika makala hii tunaeleza kinachotokea kwenye mitambo, kwa nini kazi ya kiangazi ndiyo inayoamua kama utatusikia mvua za vuli zikianza, na wewe ufanye nini redio ikinyamaza.

Sauti inakufikiaje?

Sauti ya mtangazaji huingia kwenye maikrofoni, hupita kwenye miksa, kisha hufika kwenye mtambo wa kurushia matangazo. Mtambo huibeba sauti hiyo kwa masafa ya FM, ambayo yapo kati ya megahezi 87.5 na 108, na kuipeleka kwa waya mnene hadi kwenye antena iliyo juu ya mnara. Kila kituo hupangiwa masafa yake na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na kazi ya fundi ni kuhakikisha mtambo hauhami hapo.

Mawimbi ya FM husafiri karibu kama mwanga wa tochi, yaani kwa mstari ulionyooka. Kwenye tambarare, antena iliyo mita 30 kutoka ardhini hufika takriban kilomita 22 kabla ardhi yenyewe haijaanza kuyazuia mawimbi. Antena hiyo ikiwa mita 100 juu, hufika takriban kilomita 40. Ndiyo maana vituo hupenda kuweka minara vilimani, na ndiyo maana anayeishi nyuma ya kilima hupata sauti hafifu hata akiwa jirani. Lakini urefu huohuo unaotufikisha mbali ndio unaoita radi.

Radi na udongo wetu

Eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na mawingu hukusanyika juu ya milima. Usiku upepo hugeuka, na mawingu ya radi hujijenga juu ya maji, wakati wavuvi wa dagaa wapo kazini na taa zao.

Radi huingia kituoni kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni mnara wenyewe. Ya pili, ambayo wengi hawaifikirii, ni nyaya za umeme. Radi ikipiga nguzo iliyo mbali, nguvu yake inaweza kusafiri kwa waya hadi ndani ya studio.

Kinga kubwa ni ethi, yaani waya mnene wa shaba unaoshuka kutoka kwenye kizuia radi juu ya mnara hadi kwenye vyuma vilivyochimbiwa ardhini. Kazi yake ni kuipa radi njia rahisi ya kwenda kwenye udongo bila kupitia kwenye mtambo. Mafundi hupima ukinzani wa ethi hiyo, na wengi hulenga usizidi omu 10.

Hapo ndipo penye tatizo. Udongo wenye unyevu hupitisha umeme vizuri, lakini udongo mkavu wenye mawe, kama ulivyo sehemu nyingi za Mara, hupitisha kwa shida. Kwa hiyo radi za kwanza za vuli hutukuta udongo ukiwa bado mkavu na ethi ikiwa katika hali yake mbaya kuliko wakati wowote wa mwaka. Ethi iliyopimwa katikati ya masika inaweza kuonekana salama, kumbe Oktoba haifai.

Dawa yake ni kupima wakati wa kiangazi, kuongeza vyuma, kukaza viungo vilivyopata kutu, na kumwagilia shimo la ethi. Wengine hushindilia mkaa na chumvi shimoni ili udongo ushike unyevu, ingawa chumvi huharakisha kutu, hivyo vyuma hivyo vinahitaji kukaguliwa mara nyingi zaidi.

Vumbi, manyigu na maji

Mtambo unapofanya kazi hutoa joto, na feni hulipoza. Vumbi likijaa kwenye chujio la feni, joto hupanda, na mtambo hujipunguzia nguvu au hujizima ili usiungue. Brashi na dakika chache kila wiki huokoa kifaa cha gharama kubwa. Manyigu nao hupenda kujenga kwenye matundu ya hewa, na panya hutafuna nyaya.

Juu ya mnara adui ni maji. Yakiingia kwenye kiungo cha waya na antena, sehemu ya nguvu hushindwa kutoka hewani na kurudi kwenye mtambo. Mtambo una kipimo cha nguvu hiyo inayorudi. Namba yake ikianza kupanda mvua inaponyesha, fundi anajua kuna kiungo kinachovuja, na kazi ya kupanda mnara hufanywa siku kavu, isiyo na upepo, kwa mkanda wa usalama.

Umeme unaopanda na kushuka

Umeme kukatika ni shida, lakini umeme unaorudi kwa kishindo ni hatari zaidi. Kwa sababu hiyo tunatumia stabilaiza kusawazisha umeme, na UPS kuupa mtambo na kompyuta dakika chache za kuvuta pumzi jenereta inapowashwa. Betri za UPS huchoka polepole bila kelele, hivyo hupimwa kabla ya kuhitajika. Jenereta nayo iwashwe kila wiki hata kama umeme haujakatika, kwani jenereta iliyolala miezi haiwaki usiku wa dhoruba.

Mbona wakati mwingine mnazima wenyewe?

Redio ndogo isiyo na mtambo wa akiba huzima radi ikikaribia sana. Mtambo ukiungua, kimya cha saa moja kinaweza kuwa kimya cha miezi. Ndiyo maana tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) husomwa mapema na kurudiwa, bila kungoja wingu lifike.

Hivyo, msikilizaji, redio ikinyamaza usidhani hali ni shwari. Ukiona mmeme, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo. Kila sekunde 3 ni karibu kilomita 1. Zikiwa chini ya 30, radi iko ndani ya kilomita 10 na inaweza kukufikia. Kama uko majini, elekea ufukweni. Ukishafika, ingia ndani ya nyumba, usikae chini ya mti, na subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Wewe unaweza kutusaidiaje?

Ukisikiliza FM kwenye simu, waya wa spika za masikioni ndio antena yake, hivyo unyooshe, usiukunje mfukoni. Sauti ikibadilika, tuambie uko kijiji gani, saa ngapi, na kama inakwaruza au imepotea kabisa. Taarifa kutoka vijiji vitatu humwonyesha fundi pa kuanzia.

Na ukiona mtu anachimba au kukata waya wa shaba chini ya mnara wowote, toa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji. Kipande hicho kikiuzwa kama chuma chakavu hupata fedha kidogo, lakini kikikosekana usiku wa radi, vijiji vingi hubaki bila tahadhari.