Nani Alikuwa Anapiga Akompa? Historia ya Gita ya Nyuma, Toka Texas mpaka Kambi za Kilo

Bandugu, tuanze na jaribio ndogo. Fungua wimbo wowote wa zamani wa OK Jazz kwenye simu yako. Sekunde chache tu, na kila mtu karibu yako atasema: "Huyo ni Franco!" Sasa uliza: na ile gita ingine, ile inazunguka nyuma bila kuchoka, ni ya nani? Watanyamaza. Hapa Bambu nimefanya jaribio hili mara nyingi, kwenye harusi na hata kwenye matanga. Mpiga solo anajulikana na watoto. Mpiga akompa hajulikani hata na jirani yake.

Leo nataka tuzungumze juu ya huyo mtu wa nyuma. Kwanza twende mbali kidogo, Marekani, halafu turudi nyumbani.

Miaka ya 1930, kule Texas na Oklahoma, kulikuwa na njaa ya kazi na vumbi. Lakini jumamosi jioni watu wa mashamba ya pamba na wa visima vya mafuta walitaka kucheza. Ndipo ikazaliwa muziki inaitwa western swing. Walichukua violoni ya kijijini, wakachanganya na jazz na blues za Weusi, wakaongeza gita na baadaye tarumbeta. Milton Brown aliianzisha na kundi lake pale Fort Worth, lakini alikufa mwaka 1936 kisha ajali ya gari. Aliyeipeleka mbali ni Bob Wills, mpiga violoni, na kundi lake Texas Playboys. Toka 1934 walikaa Tulsa, wakapiga kwenye redio KVOO na kwenye ukumbi wa Cain's Ballroom, ambao ungali umesimama mpaka leo.

Wengi wanamkumbuka Wills. Lakini wapiga gita wenyewe wanataja jina lingine: Eldon Shamblin, aliyeingia kundi lile mwaka 1937. Kazi yake ilikuwa akompa. Wenzake wengi walikuwa wanashika akodi moja na kuikwaruza mpaka ibadilike. Shamblin alikataa hiyo njia. Yeye karibu kila pigo alibadilisha mkao wa vidole, hata noti za chini zikawa zinatembea kama mtu anapanda ngazi. Na kila mara alilegeza mkono wa kushoto kidogo baada ya kupiga, ili sauti ikatike. Ukisikiliza vizuri, gita yake iko ngoma na iko besi kwa wakati mmoja. Toa gita ile, na wachezaji wote ukumbini wanapoteza mguu.

Je, hayo yanatuhusu nini sisi watu wa Ituri? Yanatuhusu.

Sahani za muziki za Wamarekani zilifika Afrika mapema sana. Mwaka 1950, Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa anazunguka na mashine ya kurekodi, alikuta wasichana wa Kipsigis kule Kenya wakiimba juu ya kiumbe nusu mtu nusu swala, jina lake Chemirocha. Jina lile lilitoka kwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa nyimbo za wachunga ng'ombe wa Marekani, aliyekufa 1933. Rodgers hakupiga swing, lakini ni kama mjomba wa muziki ile. Kwa hiyo msifikiri kwamba kijiji kilikuwa kimejifunga.

Mwaka 1952 Tracey alifika Congo. Kule Jadotville, ambayo leo tunaita Likasi, katika nchi ya migodi ya Katanga, akamrekodi kijana mmoja: Mwenda Jean Bosco. Bosco aliimba Kiswahili na kupiga gita kwa vidole viwili tu, kidole gumba na cha shahada. Gumba lilishika besi na mwendo, shahada ikapiga wimbo. Yaani mtu mmoja alikuwa solo na akompa pamoja! Rekodi zake zikavuka mpaka, zikafika Nairobi, na vijana wa Kenya wakaanza kufuata vidole vyake.

Halafu ikaja gita ya umeme. Pale Léopoldville orkestra zilikua, na ile kazi ya vidole viwili vya Bosco ikagawanywa kwa watu. Solo ikapewa mtu wake, akompa mtu wake, besi mtu wake. Baadaye ikaongezwa mi-solo, ambayo inakaa katikati ya solo na akompa.

Angalieni African Jazz. Kila mtu anamjua Docteur Nico. Nyuma yake alisimama kaka yake mkubwa, Mwamba Dechaud, kwenye akompa. Wote wawili walikuwa Brussels Januari 1960, wakati wa Table Ronde, wakati wimbo wa uhuru ulipigwa. Uhuru wetu ulichezwa juu ya akompa ya Dechaud, na ni wangapi kati yetu wenye diplome wanajua jina lake?

Angalieni tena OK Jazz. Simaro Lutumba aliingia 1961, akakaa kwenye akompa. Huyo huyo ndiye aliandika "Mabele" ya 1974. Franco alipokufa Oktoba 1989, Simaro ndiye alibaki kushika kundi, na baadaye akaongoza Bana OK. Aliaga dunia Machi 2019. Mtu wa nyuma ndiye alikuja kubeba nyumba.

Kazi ya Simaro na ya Shamblin ni moja, lakini njia zinapingana. Shamblin alibadilisha akodi bila kupumzika. Akompa ya rumba, hasa ikifika kwenye sebene, inachukua mzunguko mfupi wa noti chache na kuurudia dakika nzima, bila kuongeza, bila kupunguza. Ukiona ni rahisi, jaribu mwenyewe dakika tano. Mkono unauma, na roho inataka kuonyesha kitu. Ukionyesha tu, wachezaji wanaanguka.

Sasa turudi hapa kwetu. Dhahabu ya Kilo ilitambuliwa mwaka 1903. Kampuni ikaja, Bambu ikawa mji wa mgodi, wafanyakazi wakaletwa toka makabila mengi, na Kiswahili kikawa lugha ya kambi. Ilikuwa kama Likasi, kama visima vya Texas: watu wa mshahara, mbali na kwao, wanatafuta kucheza jumamosi. Safari ile ya 1952, Tracey alipita mpaka ukingo wa msitu wa Ituri, akarekodi Wabudu, Wanande na Wambuti. Na wapiga gita wa kambi zetu? Majina yao yako vinywani mwa wazee tu.

Na wazee wenyewe, mnajua hali yao. Vita vya 1999 vilichoma nyumba. Toka mwisho wa 2017 zikachomwa tena. Nyumba ikiungua, gita inaungua, picha inaungua, sahani inaungua.

Mwaka jana nilimtembelea mzee mmoja wa Bambu aliyekimbilia Bunia. Nilimwomba aniimbie wimbo wa kambi. Hakuanza na maneno. Alipiga vidole juu ya bidoni ya maji na kuimba akompa kwa mdomo, mzunguko mmoja, tena na tena. Nikamuuliza: "Papa, na solo?" Akacheka: "Solo iko sawa na mutoto, inakimbia kimbia. Akompa njo mama, inabakia ku nyumba." Kwenye simu yangu nina dakika mbili tu za sauti ile, na nusu yake ni watoto wanalia. Nimeapa kurudi.

Kwa hiyo, wenzangu, tusingoje mgeni mwenye mashine. Sisi wote tuna simu. Jumapili hii, nenda kwa mzee wa kwenu, uliza orkestra ya ujana wake iliitwaje. Atakutajia mwimbaji, atakutajia mpiga solo. Usiondoke bado. Uliza tena: na akompa, alikuwa nani? Halafu washa simu, na uache mzee apige.