Kinga na Tiba: Historia ya Istilahi Moja

Katika miteremko ya Kilimanjaro kifua kikuu kina historia ndefu. Hospitali ya Kibong'oto ilianzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wake. Mjini Moshi, Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, hutibu pia wagonjwa wa saratani. Maradhi hayo mawili ni mbalimbali, lakini historia ya utabibu imeyakutanisha, nasi wafasiri tumeachiwa tatizo.

Mwaka 1891, mjini New York, daktari William Coley alianza kuwadunga wagonjwa wa saratani bakteria hai, akitumaini kuwa homa itaamsha mwili upambane na uvimbe. Baadhi yao walipata nafuu. Wengine waliuawa na bakteria wenyewe. Ndipo akageukia bakteria waliokwisha kuuawa. Nchini Ufaransa, Calmette na Guérin walifuata njia nyingine. Tangu 1908 hadi 1921 waliotesha bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe zaidi ya mara 200 mfululizo, hata wakadhoofika. Hiyo ndiyo BCG wanayochanjwa watoto wetu. Mwaka 1976 Alvaro Morales wa Kanada alitangaza kwamba BCG, ikitiwa ndani ya kibofu cha mkojo, hupunguza kurudi kwa saratani ya juujuu.

Tuiiteje tiba hiyo? Wapo waiitao "chanjo ya saratani". Neno hilo halifai: chanjo, litokanalo na kuchanja ngozi, hukusudiwa kutangulia maradhi, na huyu ni mgonjwa tayari. Wengine husema "tiba ya kinga"; lakini wahenga wetu waliosema kinga ni bora kuliko tiba waliyatenga maneno hayo mawili, na msikilizaji hutatizika.

Jambo hili si la sarufi tu. Bakteria wa BCG ni hai. Mgonjwa anayetokwa na damu katika mkojo akitiwa dawa hiyo, wanaweza kupenya hadi katika damu yake. Tafsiri isiyotaja uhai wao humnyima onyo.

Kwa hiyo tunapendekeza "tiba ya kuamsha kinga ya mwili". Aidha, zitofautishwe daima istilahi tatu: bakteria hai, bakteria hai waliodhoofishwa, na bakteria waliouawa. Ni ndefu, tunakiri. Lakini ufupi unaomponza mgonjwa si ufasaha.