Ruhusa ya Kwenda Kumzika Mama



Ndugu wapendwa, kila mwajiri na kila mwalimu mkuu anazijua sababu za kuombewa ruhusa: homa, mgonjwa nyumbani, msiba. Wapo waliokwisha kuchoka kuzisikia, nao hudhani kwamba udhuru ni maradhi ya siku hizi. Juma hili nawaalika tutazame jiwe moja lililohifadhiwa katika jumba la makumbusho la British Museum, mjini London.

Jiwe hilo la chokaa, lenye kimo cha sentimita 38 hivi, liliandikwa huko Misri katika mwaka wa 40 wa utawala wa Farao Ramsesi wa Pili, yaani takriban mwaka 1240 kabla ya Kristo. Lilitoka katika kijiji ambacho leo huitwa Deir el-Medina, upande wa magharibi wa mto Nile, mkabala na Luxor. Wanaume wa kijiji hicho walikuwa mafundi waliochonga na kupamba makaburi ya wafalme. Karani aliorodhesha majina yapatayo 40. Mbele ya majina akaandika tarehe kwa wino mweusi, na juu ya tarehe, kwa wino mwekundu, sababu iliyomfanya mtu asifike kazini. Kwa maneno mengine, ni daftari la mahudhurio.

Wengi waliugua, na baadhi yao waliugua macho. Mmoja aliumwa na nge. Mwingine alikosekana mara kwa mara kwa sababu ndiye aliyekuwa tabibu wa wenzake, hata ugonjwa wa jirani ukawa udhuru wake. Wapo waliokuwa wakiuandaa mwili wa mama au wa ndugu kwa mazishi. Yupo aliyebaki nyumbani kwa kuwa mwanamke wa nyumba yake alikuwa katika siku zake. Yupo aliyejenga nyumba, na wapo waliopika pombe. Msicheke: pombe ya nafaka ilikuwa sehemu ya chakula chao cha kila siku, tena ilihitajika katika sikukuu. Na yupo ambaye karani aliandika tu kwamba alikuwa akimtolea mungu wake sadaka.

Hapo ndipo niliposita, maana udhuru huo twaufahamu. Katika sura ya tano ya kitabu cha Kutoka, Musa na Haruni walimwomba Farao awape watu ruhusa ya safari ya siku tatu jangwani, wakamtolee Mungu wao sadaka. Farao akajibu kwamba ni wavivu. Wakanyimwa majani ya kuchanganya na udongo, wakatakiwa kuyatafuta wenyewe, na hesabu ya matofali isipungue hata moja. Wanyapara wa Kiebrania wakapigwa.

Maandiko hayamtaji Farao huyo kwa jina. Wataalamu wengi humfikiria Ramsesi wa Pili, kwa kuwa mmojawapo wa miji iliyojengwa na Waisraeli unaitwa Ramsesi, lakini hilo si jambo lililothibitishwa. Hata hivyo, nchi ni ileile, na udhuru ni uleule. Fundi wa makaburi alikubaliwa; mfyatua tofali alichapwa. Nadhani tofauti imo katika maandishi yenyewe: fundi aliandikwa kwa jina lake, na karani alijua kwamba ana mama, Mwebrania alihesabiwa kwa matofali.

Waliotoka katika utumwa huo hawakusahau. Amri ya Sabato, kama ilivyo katika Kumbukumbu la Torati sura ya tano, inampumzisha mtumwa, mjakazi, ng'ombe na punda, na sababu inayotajwa ni kwamba Israeli naye alikuwa mtumwa Misri. Katika sura ya 20, kabla ya vita, maofisa wanatakiwa kuuliza mbele ya jeshi zima: nani amejenga nyumba na hajaizindua, nani amepanda mizabibu na hajala matunda yake, nani ameposa na hajaoa? Hao warudi nyumbani. Hata mwoga alirudishwa, asije akawalegeza wenzake mioyo. Naye aliyeoa karibuni, tunasoma katika sura ya 24, aliachwa huru mwaka mzima, asiende vitani wala asipewe kazi yoyote ya umma, ili amfurahishe mkewe.

Ujenzi wa nyumba, kama mlivyoona, umo katika orodha zote mbili.