Turubai la Mweso: historia ya hema linalobebwa mgongoni

Barabara itokayo Kitchanga kwenda Kalembe na Pinga hupita Mweso, katika usultani wa Bashali, teritwari ya Masisi, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo. Kwa zaidi ya miaka 30 watu wa barabara hii wamekuwa wakikimbia vita na kurudi, na kila wanapokimbia, watoto wakishahesabiwa, swali linalofuata ni usiku watalala chini ya nini. Jibu limekuwa kipande cha plastiki cheupe cha meta 4 kwa 5, chenye uzito wa kilo 4 hivi, ambacho wenyewe hukiita bashi au shitingi, na vitabuni huitwa turubai.

Wapanda milima wa Ulaya na Marekani hutumia fedha nyingi kutafuta hema jepesi lisilovuja, lisilong'olewa na upepo, linalokunjika likabebwa na mtu mmoja. Mama wa Mweso anatafuta kitu hicho hicho, naye ana mtoto mgongoni na sufuria kichwani, na safari hakuichagua. Ndiyo maana historia ya hema katika nchi hii haiwezi kusimuliwa bila kuuliza ni nani aliyelibeba.

Zama za misafara, hema lilikuwa mali ya mkubwa. Mpagazi aliyetoka Bagamoyo kwenda Ujiji alibeba frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi, na jioni kambini alikata matawi na nyasi akajijengea kibanda. Asubuhi alikiacha hapo hapo. Msafara uliofuata ukikikuta kimesimama, ulikiezeka upya na kulala. Mpagazi hakubeba nyumba yake. Alibeba panga na ujuzi. Hema alilobeba lilikuwa la mtu mwingine.

Mahema hayo yalikuwa ya pamba nzito, na adui yake mkubwa alikuwa kuoza. Mwaka 1887, Henry Morton Stanley alipoingia Kongo kwenda kumtafuta gavana Emin Pasha, kampuni ya Benjamin Edgington ya London ilimshonea mahema ya kitambaa kilichochovywa katika salfeti ya shaba. Msafara ulikata msitu wa Ituri, ukapita bonde la Semliki na kando ya Ruwenzori na Ziwa Edward, ukafika pwani Desemba 1889. Stanley aliandika kwamba hema lake lilinyeshewa siku 300 na bado lilikuwa na uwezo wa kuvumilia nyingine 200. Kwa ufundi, hayo yalikuwa mafanikio makubwa, na aliyebuni dawa ile anastahili sifa. Lakini watu waliochukuliwa Zanzibar kubeba mizigo ya msafara ule, zaidi ya nusu yao hawakurudi. Hema lilitoka zima, wabebaji wake wakabaki msituni.

Mtindo huo uliendelea. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yalitoka Kivu hadi kuiteka Tabora, vifaa vya maofisa vikiwa juu ya vichwa na mabega ya wapagazi waliotolewa vijijini. Hata mtafiti Dian Fossey, alipoanza kuwachunguza sokwe Januari 1967 pale Kabara, chini ya mlima Mikeno, aliishi katika hema lililopandishwa mlimani na wapagazi. Alikaa miezi sita, kisha machafuko ya mwaka ule yakamtoa Kongo, akahamia upande wa Rwanda.

Wepesi ulianza kutafutwa kwa bidii pale mwenye hema alipolazimika kulibeba mwenyewe. Uingereza, fundi cherehani aitwaye Thomas Hiram Holding alisafiri kwa baiskeli akalala nje, akajishonea mahema ya hariri, mwaka 1901 akaanzisha chama cha wapiga kambi wa baiskeli, na mwaka 1908 akatoa kitabu cha mwongozo. Baada ya hariri ikaja nailoni, na baada ya nailoni vitambaa vilivyobuniwa kwa ajili ya matanga ya mashua za mashindano. Leo hema la mtu mmoja linaweza kuwa na uzito wa nusu kilo. Bei yake ni jambo jingine.

Turubai la Mweso lina ukoo tofauti. Mwaka 1933 wanakemia wa kampuni ya ICI, Uingereza, waliipata polithini kwa bahati wakiwa katika majaribio mengine. Mwaka 1953 Karl Ziegler wa Ujerumani alipata njia ya kutengeneza aina ngumu zaidi. Nyuzi bapa za plastiki hiyo ngumu, nyeusi, hufumwa kama mkeka, kisha hupakwa plastiki laini nyeupe pande zote mbili. Weupe hurudisha joto la jua. Weusi wa ndani huzuia mwanga, hivyo taa ikiwashwa usiku, aliye nje haoni kivuli cha mwanamke anayebadili nguo. Pembeni na katikati kuna mikanda iliyoimarishwa yenye matundu ya kupitishia kamba, kwa sababu turubai huanza kuchanika pale kamba inapovuta. Aliyeyafikiria haya alijali, na ni vizuri kusema hivyo kabla ya kulaumu lolote.

Machi 1993 mauaji yaliyoanzia Ntoto, Walikale, yalisambaa haraka hadi Masisi, na watu wengi wa milima hii walikimbia kwa mara yao ya kwanza. Kabla hawajatulia, Julai 1994 Wanyarwanda karibu milioni moja walivuka mpaka na kuingia Goma na vitongoji vyake kwa siku chache. Kambi za Mugunga, Kibumba, Katale na Kahindo zikawa miji ya plastiki. Kipindupindu kiliua makumi ya maelfu. Kivu haikuwa imewahi kuona maturubai mengi kiasi kile, na tangu hapo hayajaondoka tena.

Ila turubai peke yake halisimami. Linahitaji miti, na miti ilikatwa katika Hifadhi ya Taifa ya Virunga. Mwaka huo huo wa 1994, UNESCO iliiandika hifadhi hiyo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR, lilijaribu kutoa mabomba ya alumini badala ya miti. Wakimbizi waliyauza, maana alumini ilikuwa na thamani kuliko chochote walichokuwa nacho, wakarudi kukata miti. Hapo ndipo mbunifu majengo wa Japani, Shigeru Ban, alipopeleka pendekezo la nguzo za karatasi ngumu iliyoviringishwa: nyepesi, za bei ndogo, zisizo na soko. Mwaka 1999 vibanda 50 vya majaribio vilijengwa Byumba, Rwanda. Ban alipata tuzo ya Pritzker mwaka 2014. Kwangu mimi, katika historia nzima ya turubai hakuna aliyelikaribia tatizo lenyewe kama yeye, kwa kuwa aliangalia nguzo wakati wengine wakiangalia kitambaa. Lakini nguzo zake hazikufika Masisi zikawa kitu cha kawaida.

Kwa hiyo watu wa Masisi walimaliza kazi wenyewe. Huku milimani, ambako usiku ni baridi na mvua hunyesha miezi mingi ya mwaka, kibanda huanza na fito mbichi zinazochomekwa ardhini na kupindwa zikutane juu, zikafungwa kwa kamba za mgomba. Chini ya turubai huwekwa nyasi au majani ya migomba, ili plastiki isiguse ncha za fito zikaitoboa, na joto la miili lisipotee. Kibanda hufanywa kifupi kwa makusudi, kwa sababu kirefu hushikwa na upepo. Mfereji huchimbwa kuzunguka, na udongo wake hurundikwa juu ya pindo. Ukishuka Goma mambo hubadilika: palipokuwa na kambi za Kanyaruchinya na Bulengo ni mwamba wa volkeno, mti hauzami, kwa hiyo fito zilishikiliwa kwa mawe na hakuna mfereji uliochimbika. Mwanamke aliyefika huko kutoka Mweso alilazimika kujifunza upya jinsi ya kusimamisha nyumba.

Vita vikisogea, kazi hufanyika kinyume. Fito huachwa kama zamani za wapagazi, turubai hufunguliwa, hukunjwa pamoja na blanketi, hufungwa kwa kamba inayopita kwenye paji la uso, na safari inaanza. Mwenye bahati hupata nafasi kwenye chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Kipande kilichochakaa hugeuka mkeka, mlango, koti la mvua au kiraka cha kingine.

Mashirika nayo yalijaribu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 UNHCR ilitoa hema la familia la kitambaa cha kutengenezwa, lililoitwa jepesi kwa kuwa lile la pamba lilikuwa zito zaidi. Lilikuwa na takriban kilo 40. Hilo lilishushwa kwenye lori na watu wawili, na pasipo barabara ya lori halikufika. Vipimo vya kimataifa husema kila mtu apate angalau meta 3.5 za mraba za sakafu, hivyo familia ya watu watano inahitaji meta 17.5 za mraba. Turubai moja lina meta 20 za mraba likiwa limetandikwa chini. Likiinuliwa kuwa paa na kuta, sakafu inayobaki ni chini ya nusu yake.

Januari 2024 mabomu yaliangukia Mweso na kuua raia. Maelfu ya watu walijibanza katika uwanja wa hospitali kuu, ile ambayo Madaktari Wasio na Mipaka wameisaidia kwa miaka mingi, wakitafuta usalama. Mei mwaka huo kambi za Lushagala na Mugunga zilipigwa mabomu, na plastiki haikumkinga mtu. Februari 2025, baada ya waasi wa M23 kuiteka Goma, waliokuwa kambini waliambiwa warudi kwao ndani ya siku chache. Wengi waling'oa vibanda wakaondoka na maturubai yao, wengine wakielekea Masisi, ambako nyumba nyingi walizoziacha hazikuwapo tena.

Nawaomba wanaoandika vipimo vya turubai, Geneva na kwingineko, wakae na wanawake wa Mweso, Kashuga na Kalembe kabla ya kuagiza shehena nyingine. Wawaulize pindo linachanikia wapi, wapewe kamba ya kiasi gani, na nguzo mbili nyepesi zinazounganika zingewaongezea uzito gani mgongoni. Majibu yote wanayo, na wameyapata kwa kulibeba turubai wenyewe.