Mhakiki, Riwaya ya Ajabu na Msomaji wa Gusii

Historia ya uhakiki wa hadithi za kubuni za Kiswahili imeandikwa, kwa sehemu kubwa, kutoka pwani na kutoka katika vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Nairobi. Msomaji wa bara, ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili au ya tatu, hutajwa humo kama mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani. Ni nadra kutajwa kama mtu mzima aliye na mizani yake mwenyewe ya kupimia hadithi. Makala haya yanakusudia kumtazama msomaji huyo katika sehemu moja mahsusi, yaani iliyokuwa Wilaya ya Kisii, ambayo mwishoni mwa miaka ya 1980 ilimegwa Nyamira, na ambayo leo ina kaunti mbili za Kisii na Nyamira. Hoja itakayotetewa ni kwamba uhakiki wa Kiswahili umekuwa ukiipokea riwaya ya ajabu kwa mizani zisizotosha, na kwamba mizani iliyopungua ilikuwapo siku zote katika masimulizi ya Wagusii wenyewe. Aidha itaonyeshwa kuwa suala hili si la wasomi peke yao, kwani katika nchi ya Gusii kosa la kutotambua aina ya andiko limewahi kuambatana na maafa.

Mizani tatu za uhakiki

Mizani ya kwanza ilikuwa ya usahihi wa lugha. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930, moja ya kazi zake kuu ilikuwa kupitia vitabu na kuthibitisha kwamba vimeandikwa kwa Kiswahili sanifu. Ajabu zilikuwamo tele katika vitabu vya wakati ule: safari za Gulliver na hekaya za Alfu Lela Ulela zilisomwa shuleni kwa Kiswahili. Lakini swali aliloulizwa mtoa maoni lilihusu tahajia, upatanisho wa sarufi na uteuzi wa maneno. Jitu na jini walipita salama mradi ngeli zao zilikuwa sawa. Inafaa ikumbukwe kwamba W. H. Whiteley, aliyeitumikia Kamati hiyo kwa miaka mingi katika miaka ya 1950 ilipokuwa Makerere, ndiye pia aliyeandika uchunguzi juu ya mfumo wa njeo katika Ekegusii, uliotolewa Kampala mwaka 1960. Basi ujuzi wa Kiswahili na ujuzi wa Ekegusii ulikutana mapema katika meza moja. Ila ulikutana kwa sarufi, haukukutana kwa hadithi.

Mizani ya pili ilikuwa ya ujumbe. Baada ya uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mhakiki alitakiwa kuonyesha kitabu kinamfaa nani katika jamii. Majarida ya Chuo cha Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, likiwamo Mulika lililoanza mwaka 1971, na vitabu kama Hisi Zetu cha Sengo na Kiango cha mwaka 1973, viliupa uhakiki nguvu na heshima mpya. Chini ya mizani hii Kusadikika, kilichotolewa na Shaaban Robert mwaka 1951, kilisomwa kama fumbo la kisiasa. Nchi ile iliyo angani ikawa koloni, mashtaka dhidi ya Karama yakawa mashtaka dhidi ya mtetezi wa haki, na wajumbe waliofungwa waliporudi safarini wakawa wanamageuzi waliozimwa. Usomaji huo una haki yake. Upungufu wake ni kwamba, fumbo likishafumbuliwa, ajabu yenyewe hutupwa kama ganda la ndizi, na msomaji hapewi sababu ya kwa nini mwandishi alikwenda angani badala ya kubaki ardhini.

Mizani ya tatu ni ya mtihani. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza nchini Kenya mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima la kutahiniwa katika shule za msingi na za sekondari. Faida yake haina ubishi: katika kizazi kimoja, milima ya Gusii ilipata maelfu ya vijana waliosoma riwaya nzima ya Kiswahili kutoka jalada hadi jalada. Hata hivyo, andiko la uhakiki lililowafikia vijana hao lilikuwa ni mwongozo, wenye muhtasari wa sura, orodha ya wahusika na sifa zao, dhamira, mbinu za lugha, na maswali ya marudio. Riwaya zilizotahiniwa kwa miaka mingi, kama Utengano, Kidagaa Kimemwozea na Chozi la Heri, zimejengwa hasa juu ya uhalisia, na mwongozo ulizimudu. Kijana anapomaliza shule na kuingia utu uzima, mwongozo unaisha, na hakuna andiko jingine linalomwambia ni kitabu gani kingine kipo, kina thamani gani, na kisomwe vipi.

Mizani ya emegano

Wakati huohuo, Wagusii walikuwa na desturi yao ya kusimulia na kuhukumu masimulizi. Omogano, kwa wingi emegano, ni hadithi ya kubuni inayosimuliwa aghalabu na magokoro, yaani bibi, jioni kazi zinapokwisha. Ndani yake wanyama husema, mazimwi humeza watu, na waliomezwa huweza kutoka wakiwa hai. Kando ya emegano yapo masimulizi ya namna nyingine, ambayo hayahesabiwi kuwa ya kubuni. Habari za Sakagwa, mwaguzi anayesimuliwa kuwa alitabiri kuja kwa wageni weupe, na habari za Moraa na Otenyo aliyemchoma mkuki ofisa wa Kiingereza Northcote mwaka 1908, husimuliwa kama mambo yaliyotokea. William Ochieng' alipoandika historia ya Wagusii ya kabla ya ukoloni, iliyochapishwa mwaka 1974, alitegemea masimulizi ya namna hii ya pili. Hakutegemea ngano za mazimwi.

Tofauti hiyo ina uzito wa kinadharia. Katika emegano, msikilizaji anajua tangu mwanzo kwamba ameingia katika nchi ya kubuni. Mahali, wakati, msimulizi na namna ya kusema vyote humjulisha hivyo. Kwa hiyo mtoto anaweza kuliogopa zimwi usiku na asilitafute asubuhi. Anaweza pia kumhukumu msimulizi: kwamba amelichosha zimwi mapema mno, amesahau wimbo, au amemwokoa msichana bila sababu. Huo ni uhakiki kamili, na swali lake la kwanza hutangulia lugha, ujumbe na mtihani. Swali hilo ni: simulizi hili ni la namna gani, na linaomba kuaminiwa vipi?

Lipo, hata hivyo, eneo la tatu lililo gumu zaidi. Ebirecha, yaani mizimu ya wahenga, na abarogi, yaani wachawi, hawakuwa wahusika wa ngano tu. Robert LeVine na Barbara LeVine, waliofanya utafiti Nyansongo katika miaka ya 1950 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1966, walikuta kwamba ugonjwa na msiba vilielezwa mara nyingi kwa hasira ya mizimu au kwa uovu wa jirani, na kwamba mwaguzi ndiye aliyeulizwa ni upi kati ya hayo mawili. Mzimu na mchawi, basi, wanaweza kupatikana katika hadithi ya kubuni na pia katika tuhuma. Hapo ndipo msomaji anapohitaji mhakiki kuliko mahali pengine popote.

Daftari la mwaka 2008

Mwezi Mei 2008, katika vijiji vya iliyokuwa Wilaya ya Kisii ya Kati, watu 11, wengi wao wazee, walichomwa moto hadi kufa kwa kushukiwa kuwa wachawi. Taarifa za BBC za siku zile zilieleza kwamba wanakijiji walimwonyesha mwandishi wa habari daftari lililosemekana kuwa lilipatikana katika shule moja ya msingi, na kudaiwa kuwa na kumbukumbu za mkutano wa wachawi pamoja na majina ya waliokusudiwa kurogwa. Mwezi Oktoba 2021, wanawake wanne wazee waliuawa kwa tuhuma kama hizo huko Marani.

Si fasihi iliyowaua watu hao. Chanzo cha tuhuma za uchawi hutafutwa pia katika ugomvi wa ardhi, wivu, ugonjwa usioelezwa na udhaifu wa ulinzi wa wazee. Wala sheria haikukosekana, kwani Sheria ya Uchawi ya Kenya ni ya tangu mwaka 1925. Lakini daftari lile ni andiko, na madai juu yake ni namna ya kulisoma. Maswali ambayo mwanafunzi wa fasihi hufundishwa kuyauliza ndiyo yaliyolistahili: ni nani aliyeandika, kwa mkono wa nani, lini, kwa hadhira gani, na kwa kuiga utanzu upi? Kumbukumbu za mkutano ni utanzu unaofundishwa katika insha za kawaida za shule. Andiko lenye umbo la kumbukumbu haliwi ushahidi kwa sababu ya umbo lake, kama vile barua iliyomo katika riwaya haiwi barua ya posta. Kutenganisha umbo na ushahidi ni kazi ya msingi ya uhakiki, na jamii inayonyimwa kazi hiyo nje ya darasa hulipa gharama yake.

Riwaya tatu mbele ya msomaji wa Gusii

Kwa mwanga huo, riwaya za ajabu za Kiswahili zinaweza kupimwa upya. Katika Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi, mauti yanatokea penye mzimu na watu wako tayari kuamini lolote. Bwana Msa anakataa. Anauliza nani alikuwa wapi, nani atanufaika, na nani amesema nini, mpaka mkono wa binadamu unaonekana. Wahakiki wamekiweka kitabu hiki katika fungu la riwaya ya upelelezi, wengine wakikiona chepesi. Kwa msomaji wa Kisii hakina wepesi wowote: ni mfano wa mtu asiyekubali msiba ufungwe kwa jina la mzimu.

Babu Alipofufuka cha Said Ahmed Mohamed, cha mwaka 2001, kinafanya kinyume chake. Mzuka wa babu unamjia K, mjukuu aliyenona kwa madaraka, na kumwonyesha alichokisaliti. Mwandishi haufichui mzuka huo kama hila ya mtu. Mhakiki aliyezoea fasihi ya Ulaya ataiita mbinu hii uhalisiajabu na kutaja waandishi wa Amerika ya Kusini. Msomaji anayejua habari za ebirecha hahitaji kwenda mbali hivyo. Mhenga anayerudi kudai haki yake kwa aliye hai ni jambo analolitambua, na kilicho kipya kwake ni kwamba babu huyu hadai mbuzi wala tambiko, anadai uadilifu wa nchi. Uzito wa riwaya unaonekana vizuri zaidi kwa kupitia imani iliyogeuzwa kuliko kupitia istilahi iliyoazimwa.

Walenisi cha Katama Mkangi, cha mwaka 1995, kinampeleka Dzombo, aliyehukumiwa kifo, katika sayari ambayo wakazi wake wanaishi kwa usawa. Hapa ajabu inasimama mbali kabisa na tuhuma za kijijini, na inaukaribia mwenendo wa omogano: aliyemezwa anatoka hai na kuiona dunia upya. Jina lenyewe, linalosomeka kama wale ni sisi, linampa msomaji kanuni ya kusomea. Tofauti kati ya vitabu hivi vitatu, yaani ajabu inayofichuliwa, ajabu inayogeuzwa na ajabu inayobuni dunia nyingine, haionekani kwa mizani ya lugha, ya ujumbe au ya mtihani pekee.

Ugumu wa riwaya za baadaye unathibitisha jambo hilo. Nagona na Mzingile za Euphrase Kezilahabi, za mwaka 1990 na 1991, ziliwafanya wataalamu wenyewe wagombane na swali la utanzu. Mikhail Gromov aliuliza mwaka 1998 kama ni riwaya, ngano au mafumbo. Swali hilo, lililoonekana geni katika majarida, ni lilelile ambalo msikilizaji wa emegano hulijibu kabla hajakaa vizuri kitini.

Hitimisho

Wapo watakaosema kwamba, penye hatari ya tuhuma, ni heri vitabu vya mizimu na wachawi visisifiwe kabisa. Rai hiyo inakosea mahali pa hatari. Vizazi vingi vimesikiliza mazimwi ya emegano bila mtu yeyote kutoka na panga kulitafuta zimwi. Hatari iko pale alama za ubuni zinapofutika, na anayezirudisha ni mhakiki anayemwambia msomaji kwa lugha nyepesi kitabu ni cha namna gani.

Vifaa vya kazi hiyo vipo karibu. Chuo Kikuu cha Kisii, kilichotokana na chuo cha ualimu cha mwaka 1965 na kupata hadhi kamili mwaka 2013, kina walimu wanaojua Kiswahili na Ekegusii. Tamasha la ushairi la Kistrech, lililoasisiwa na Christopher Okemwa, limekwisha onyesha kwamba Kisii inaweza kuwaita waandishi wa dunia wakaja. Kinachobaki ni tahakiki fupi za vitabu vya watu wazima na vijana waliotoka shuleni, zinazoanza na swali la magokoro kabla ya kufikia swali la mtahini.