Ada ya ardhi kwa majengo ya biashara: Jinsi inavyokokotolewa

KILA mwaka, mwenye jengo la biashara mjini hudaiwa ada ya ardhi na serikali ya kaunti. Ada hii, ambayo wengi huiita reti, hutozwa kwa idhini ya Kifungu cha 209 cha Katiba ya 2010. Hata hivyo, wafanyabiashara wengi hulipa kiasi kilichoandikwa kwenye hati ya madai bila kujua kilivyopatikana, na hivyo huikosa fursa ya kukipinga iwapo kuna kosa.

Ni muhimu kwanza kuitofautisha ada hii na malipo mengine. Kodi ya ardhi hulipwa kwa serikali ya kitaifa na mtu aliyekodishiwa ardhi na serikali hiyo kwa muda maalum. Ushuru wa VAT unaotozwa kwenye kodi ya maduka na ofisi hukusanywa na Halmashauri ya Ushuru Nchini (KRA). Leseni ya biashara nayo hutolewa na kaunti, lakini hutegemea aina ya biashara wala si thamani ya ploti.

Hesabu ya ada ya ardhi ina tarakimu mbili tu. Ya kwanza ni thamani ya ploti kama ilivyoandikwa katika daftari la uthamini la kaunti. Ya pili ni asilimia inayotozwa. Ukizidisha moja kwa nyingine, unapata ada ya mwaka.

Sheria inaruhusu kaunti kutumia mbinu mbalimbali, zikiwemo kutoza kwa ukubwa wa ardhi au kujumuisha thamani ya majengo. Lakini Nairobi imekuwa ikitoza kwa thamani ya ardhi tupu, kana kwamba hakuna kilichojengwa juu yake. Kwa sababu hiyo, ploti mbili za thamani sawa hutozwa ada sawa, hata kama moja ina jumba la ghorofa kumi na nyingine ni uwanja wa kuegesha magari. Mantiki yake ni kwamba anayejenga asiadhibiwe kwa kujenga, na anayeiacha ardhi ikae bure asipate nafuu.

Asilimia ikitazamwa peke yake inaweza kupotosha. Kwa miaka mingi Nairobi ilitegemea daftari la miaka ya 1980, na wakati mmoja kiwango kilifika asilimia 34. Daftari jipya lililotayarishwa mwaka 2019 liliandamana na kiwango cha asilimia 0.115. Chukua mfano wa ploti iliyothaminiwa Sh200,000 katika daftari la kale: asilimia 34 ni Sh68,000. Ikiwa ploti hiyo imethaminiwa upya kwa Sh60 milioni, asilimia 0.115 ni Sh69,000. Tofauti ni ndogo. Lakini ikithaminiwa kwa Sh90 milioni, ada hupanda hadi Sh103,500. Na kwa Sh30 milioni hushuka hadi Sh34,500. Kwa hivyo, uzito wa mzigo huamuliwa zaidi na mthamini.

Anayedaiwa kisheria ni mwenye ardhi, lakini mpangaji hayuko salama. Mikataba mingi ya kupangisha maduka na ofisi humruhusu mwenye jengo kumpitishia mpangaji gharama hiyo kupitia ada ya huduma. Yafaa mpangaji akisome kipengele hicho kabla ya kutia sahihi, na aulize iwapo nyongeza ya ada itakuwa juu yake.

Sheria ya Kitaifa ya Utozaji Ada ya mwaka 2024 ilichukua mahali pa sheria mbili za kale, Sura ya 266 na Sura ya 267. Inazitaka kaunti kufanya uthamini upya kila baada ya miaka mitano, ili kusiwe tena na daftari la kudumu miongo kadhaa.

Daftari jipya linapotayarishwa, umma hutangaziwa na kupewa muda wa kulikagua. Mwenye ploti aangalie kama ukubwa, matumizi na jina la mmiliki ni sahihi, kisha alinganishe thamani yake na ya majirani. Asiporidhika, awasilishe pingamizi kwa maandishi kabla ya muda kwisha, akieleza sababu. Pingamizi dhidi ya asilimia hupelekwa kwingine: kwenye vikao vya umma kuhusu mswada wa fedha wa kaunti.

Kunyamaza na kukosa kulipa hakusaidii. Deni huongezeka kwa riba, na bila cheti cha kuthibitisha kwamba ada imelipwa, ardhi haiwezi kuhamishwa kwa mnunuzi.