Ashesi: Chuo kikuu kisicho na wasimamizi wa mitihani

CHUO Kikuu cha Ashesi nchini Ghana, taasisi ya kibinafsi isiyoendeshwa kwa faida, kilianzishwa mwaka wa 2002 na Patrick Awuah, aliyekuwa mhandisi wa programu katika kampuni ya Microsoft nchini Marekani. Wanafunzi wa kwanza walikuwa 30 tu, wakisomea katika jumba la kukodi jijini Accra. Mnamo 2011 kilihamia mlimani Berekuso, nje ya jiji hilo, na mwaka wa 2018 kikatunukiwa hati ya Rais ya kujitegemea.

Wanafunzi sasa wamepita 1,000, baadhi yao Wakenya. Kujiunga si rahisi: alama nzuri pekee hazitoshi, mwombaji huandika insha pia. Karo ni ya juu, ingawa wengi hufadhiliwa.

Linalokipambanua zaidi ni mapatano ya uadilifu yaliyoanza mwaka wa 2008 kwa kura ya wanafunzi wenyewe. Wanaoyakubali hufanya mitihani bila msimamizi chumbani. Kwa Mkenya aliyezoea KCSE kulindwa na polisi wenye bunduki, hayo ni maajabu. Sharti gumu, pengine, ni lile linalomtaka mwanafunzi amripoti mwenzake anayeiba mtihani.